Kunakili sera ya fayawali na kubadilisha jina lake katika FortiGate: kwa nini wahasibu wamekatika?

Mlinda_Lango ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Ninasimamia FortiGate (kifaa cha fayawali, yaani kinachoamua ni mawasiliano gani yapite mtandaoni) yenye mfumo endeshi wa FortiOS 7.2 katika ofisi yenye idara kadhaa, na sera (kanuni ya kuruhusu au kuzuia) namba 12, iliyoitwa "Uhasibu-Nje", ndiyo inayowaruhusu wahasibu walio kwenye mtandao wa 192.168.20.0/24 kufika kwenye intaneti. Juma lililopita nilitakiwa kuifungulia njia idara ya bohari, iliyo kwenye 192.168.30.0/24. Kwa kuwa masharti ni yale yale, niliinakili sera hiyo katika ukurasa wa usimamizi, nikaibandika chini yake, nikaipa jina "Bohari-Nje", nikabadilisha VLAN (mtandao pepe wa idara) ya kuingilia, kisha nikaifungua anwani ya chanzo na kuandika 192.168.30.0/24 mahali pa ile ya zamani. Nikiwa hapo hapo nililibadilisha pia jina la sera ya kwanza liwe "Uhasibu-kwenda-Intaneti", ili lieleweke zaidi.

Dakika chache baadaye wahasibu wote walikatika, na watu wa bohari nao hawakupata chochote. Nimelirudisha jina la zamani nikidhani ndilo lililoleta balaa, lakini hali ni ile ile. Je, kuna mahali ambapo fayawali hutegemea jina la sera ili ifanye kazi?

Fundi_Swichi amejibu:

Ndugu, jina halina hatia. Katika FortiGate jina la sera ni kibandiko tu cha kumsaidia msimamizi. Fayawali huzisoma sera kuanzia juu kwenda chini na kuitumia ya kwanza inayolingana na pakiti (kipande cha data kinachopita), bila kuangalia jina wala ukubwa wa namba.

Kosa liko pale ulipoifungua anwani ya chanzo. Unaponakili sera, anwani zilizomo ndani yake hazinakiliwi, bali sera mpya inaielekea anwani ile ile iliyosajiliwa mara moja tu katika orodha ya anwani, kama vile nyumba mbili zinavyochota kisima kimoja. Ulipoandika 192.168.30.0/24 hukuibadilisha sera ya bohari peke yake. Uliibadilisha anwani yenyewe, na sera namba 12 ikaanza kuwangoja wahasibu kutoka mtandao ambao si wao. Irudishe anwani hiyo kuwa 192.168.20.0/24, usajili nyingine mpya kwa ajili ya bohari, kisha katika sera mpya uiondoe ya zamani na kuiweka hiyo. Tahadhari hiyo hiyo inahusu vichujio vya tovuti na vya virusi, kwani navyo hutumiwa kwa pamoja na sera zote zinazovitaja.

Ama kuhusu bohari, sera iliyobandikwa huja ikiwa imezimwa na haina jina. Wengi huiona kero, ila mimi naushukuru utaratibu huo, maana unampa mtu nafasi ya kurekebisha nakala kabla haijaanza kuruhusu mambo. Wewe uliipa jina, lakini nadhani hukuiwasha.

Msoma_Logi amejibu:

Naunga mkono maelezo hayo, ila nisingesema kwamba jina halina uzito wowote. Logi (kumbukumbu) za trafiki huandika namba ya sera pamoja na jina lake la wakati ule, kwa hiyo ukilibadilisha leo, logi za jana zitabaki na jina la jana. Mtu aliyetengeneza ripoti inayochuja kwa jina ataona sera imenyamaza ghafla, akadhani kuna hitilafu. Ni salama zaidi kuchuja kwa namba, kwa sababu hiyo haiguswi na mabadiliko ya jina. Ile nakala, kwa upande wake, hupewa namba yake mpya na hesabu yake ya matumizi huanzia sifuri.

Zingatia pia kwamba jina haliruhusiwi kufanana na la sera nyingine, na haliwezi kuzidi herufi 35. Na siku utakaponakili sera ili kumzuia mtu mmoja ambaye sera pana tayari inamruhusu, ibandike juu ya ile pana; ukiiweka chini haitafikiwa kamwe.

Mlinda_Lango amerudi:

Nashukuruni sana, ndugu zangu. Nimeirudisha anwani ya uhasibu na wahasibu wamepata mtandao papo hapo; kisha nimesajili anwani ya bohari na kuiwasha ile sera, ambayo kweli ilikuwa imezimwa. Nina swali moja dogo: iwapo nitabadilisha jina la anwani yenyewe, je, nitalazimika kuzipitia sera zote zinazoitumia?

Fundi_Swichi amejibu:

Hapana, sera zote zitalifuata jina jipya zenyewe. Kabla ya kuigusa anwani yoyote, tazama safu ya marejeo katika orodha ya anwani: namba iliyopo inaonyesha ni mahali pangapi inatumika, na ukiibofya utaoneshwa mahali penyewe. Ungeitazama siku ile, ungekuta 2. Kwa wanaopenda mstari wa amri, ndani ya `config firewall policy` andika `clone 12 to 31` (31 ni namba ya nakala mpya), kisha `move 31 after 12`. Lakini kagua hali ya nakala hiyo kabla ya kutoka, na uhifadhi chelezo ya mipangilio kabla hujaanza.