Gunia tatu za Dar

*Kikundi: Ukoo wa Kondoa 🌽*

*Shangazi Mwanaidi:* Asalaam aleikum ukoo. Mahindi tumeshapukuchua. Gunia tatu za Dar nazipandisha basi Ijumaa.
📷 Picha

*Baba Mdogo Athumani:* Waaleikum salaam dada. Mashallah! Umetuokoa, unga huku haushikiki.

*Hadija Bibi Shamba:* Shikamooni. Shangazi hebu piga tena kwa karibu, hizo punje za pembeni.

*Shangazi Mwanaidi:* Marahaba mwanangu.
📷 Picha
Ni ukungu kidogo tu. Yale ya kule bondeni yalianguka, mvua ikayakuta chini. Nitayafuta.

*Hadija Bibi Shamba:* Huo unga wa kijani cha manjano kwenye kitako cha punje ndio kuvu yenyewe inayotoa sumu, ile sumukuvu. Usipakie kwanza.

*Juma:* sumukuvu tena 😂 bibi kala dona la mahindi ya ukungu miaka yote na bado anatutandika fimbo

*Ramla:* Juma 2016 ulikuwa wapi? Hapa hapa Dodoma na kule Manyara watu zaidi ya 60 waliugua, macho manjano, matumbo yamevimba. Mwanzoni hata ugonjwa haukujulikana. Karibu 20 walikufa. Yalikuwa mahindi.

*Juma:* 😶

*Shangazi Mwanaidi:* Si nitayaosha? Na ugali ukiiva sawasawa…

*Hadija Bibi Shamba:* Kuvu itakufa, sumu itabaki. Moto wa jikoni hauiwezi. Ukiosha ndio unaongeza unyevu.

*Juma:* wapewe kuku basi

*Hadija Bibi Shamba:* Kuku nao wanaweza kufa. Ng'ombe akila, sumu inatokea kwenye maziwa, na hayo maziwa anakunywa mtoto wa Ramla.

*Baba Mdogo Athumani:* Kwa hiyo tunamwaga gunia tatu? Nauli ya mzigo nimeshatuma jamani.

*Hadija Bibi Shamba:* Hapana baba mdogo. Ya bondeni yatengwe kabisa. Mengine yamwagwe kwenye turubai, mkae mchambue: yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyosinyaa, yaliyovunjika, yaliyotobolewa, yote nje. Hapo sumu nyingi inatoka. Ila haina rangi wala harufu, punje safi inaweza kuwa nayo, kwa hiyo nitachukua sampuli nipeleke kupima. Na Dar mkayakoboe, maana sumu nyingi iko kwenye kiini na ganda.

*Shangazi Mwanaidi:* Bibi anasema sembe ni chakula cha wagonjwa 😂

*Hadija Bibi Shamba:* 😂 Mwambie shikamoo. Shangazi, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa, iache robo saa.

*Shangazi Mwanaidi:* Chumvi imeganda chupa nzima.

*Hadija Bibi Shamba:* Bado mabichi hayo, unyevu umepita asilimia 15. Ya kuweka ghalani yasizidi 13 na nusu. Ijumaa sahauni. Na mwakani tutamwaga Aflasafe wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua. Ni kuvu isiyo na sumu, inawahi kuchukua nafasi ya ile yenye sumu.

*Juma:* dawa ya moto ni moto

*Shangazi Mwanaidi:* Turubai langu limetoboka, mwaka huu nimeanika chini.

*Baba Mdogo Athumani:* Hapo ndipo tulipokosea wote. Bei gani dada? Natuma sasa hivi.

*Shangazi Mwanaidi:* Naulizia dukani. Tuma na ya kutolea.

*Juma:* simu yangu inazima chaji jamani 🏃