Msaada wakuu: dada karudi nyumbani, mume anadai mahari. Sheria za kimataifa zinasemaje?

Kaka_Mtu: Habari za jioni. Nipo Ujiji, Kigoma. Dada yangu kaolewa Mwandiga, wana watoto wawili. Wiki mbili zilizopita katembea kwa miguu usiku, mtoto mgongoni, bahati mbalamwezi ilikuwa inawaka kama mchana. Mimi nilikuwa ziwani na dagaa, asubuhi nikamkuta barazani. Mkono wa kushoto umevimba, bangili haitoki. Mume anasema mke arudi au mahari irudi. Nasikia tumesaini mikataba ya kimataifa inayokataza kupiga wanawake. Je, inafuta deni la mahari? Matusi hapana.

Chumvi_ya_Uvinza: Nimekaa na migebuka yangu ya mawese, nasubiri mawakili.

MamaMtanda: Pole kwa dada. Mlichukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali? Mimi wangu alining'oa jino 2011. Mama mkwe akasema vumilia, jino si jicho. Nikavumilia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya jicho.

Mzee_wa_Gungu: Tangu ule mkutano wa wanawake wa Beijing 1995 nyumba hazikaliki. Ya chumbani yamalizwe na wazee.

WakiliMtoro: Mzee, tatizo halikuanzia Beijing. CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, tuliiridhia 1985. Mkataba wenyewe hautaji kipigo, ila 1992 Kamati yake ikatoa Pendekezo Namba 19: ukatili huo ni ubaguzi, na serikali ikiufumbia macho inawajibika hata kama mpigaji ni mume. Itifaki ya Maputo, ile ya Afrika ya haki za wanawake, tuliyoiridhia 2007, inautaja waziwazi. Wajane wawili wa Shinyanga walifika kwenye Kamati ya CEDAW kwa urithi wa kimila, wakashinda 2015. Lakini huko hufiki kabla ya kuhangaika na mahakama za hapa. Anza na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Sasa, mahari ilikuwa kiasi gani, na iko wapi?

Kaka_Mtu: Tusitoke nje ya mada mkuu.

WakiliMtoro: Ndiyo mada yenyewe hiyo.

Kaka_Mtu: Sawa. Milioni moja na nusu. Ilinunua mashine ya mtumbwi. Naiendesha mimi, ila nyumba nzima inakula humo, dada akiwemo. Halafu shemeji kaja kwa mzee, kaomba radhi, katoa faini laki mbili. Tumekubaliana Jumamosi anakuja kumchukua. Kabadilika, anaswali siku hizi.

MamaMtanda: Mmekubaliana nani na nani?

Kaka_Mtu: Mzee, baba mdogo, mimi na shemeji.

MamaMtanda: Na mwenye mkono?

Kaka_Mtu: Hajasema hataki.

Lita_Tano: Mashine HP ngapi mkuu? Kama 15 nina mteja Kibirizi.

Chumvi_ya_Uvinza: Wakuu hii CHAI. Nimezaliwa mwaloni. Dagaa anafuata taa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka kama mchana mitumbwi inalala mchangani na wavuvi wanashona nyavu. Huyu alikuwa ziwani kufanya nini? Kutalii?

Lita_Tano: 😂😂 Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Mzee_wa_Gungu: Nilijua. Watoto wa mjini wanatafuta laiki.

WakiliMtoro: Mleta mada, jibu hilo la mbalamwezi.

MamaMtanda: Chai au si chai, mkono uliovimba wiki mbili nzima unaweza kuwa umevunjika. Aende polisi, dawati la jinsia, achukue PF3, halafu hospitali.

Kaka_Mtu: Sikuwa ziwani. Nilikuwa ndani. Alibisha hodi kama saa nane, nikajua ni yeye, na nikajua kesho yake nitaulizwa mashine. Nikakaa kimya. Akalala barazani na mtoto.

Chumvi_ya_Uvinza: Duh.

MamaMtanda: Jumamosi saa ngapi?

Kaka_Mtu: Saa nne asubuhi.

MamaMtanda: Leo Alhamisi. Dawati liko wazi kesho. Mpe simu dada yako, niongee naye mwenyewe.