Maji ya juu yana ukungu, HDL iko juu: LDL niripoti?

Seramu_Mafinga
Wakuu, habari za kazi. Sampuli imetoa kolestro jumla 6.2, trigliseridi (mafuta ya damu) 4.9, HDL (kolestro nzuri) 2.4 mmol/L, kwa hesabu LDL (kolestro mbaya) inakuja 1.6. HDL tunapima kwa kugandisha kwa asidi ya fosfotungstiki na magnesi kloridi: mikrolita 200 za seramu, 500 za kitendanishi, dakika 10 mezani, dakika 10 kwenye sentrifuji. Kontroli (sampuli ya kuhakiki kipimo) imepita, ila maji ya juu, yale yanayobaki juu ya mashapo, hayakutakata. Niitoe?

Maabara_Uyole
Usiitoe mkuu, hata HDL izuie. Kitendanishi hicho kinatakiwa kishushe chembe zote zenye apoB (protini ya chembe za mafuta), yaani LDL na VLDL (chembe zinazobeba trigliseridi), HDL ibaki juu peke yake. Trigliseridi zikijaa, chembe zinakuwa nyepesi, nyingine zinabaki zikielea. Kolestro yake inasomwa kama HDL, na ukungu wenyewe unakula mwanga wa fotomita, kwa hiyo jibu linapanda kwa sababu mbili. Fomula ikishaondoa HDL hiyo ya uongo kwenye jumla, LDL inashuka, na mgonjwa mwenye mafuta mengi anaambiwa yuko salama! Kontroli yenye trigliseridi za kawaida haiwezi kukuonyesha tatizo hili.

Changanya seramu na salini (maji ya chumvi) 0.9% nusu kwa nusu, gandisha upya, jibu zidisha kwa 2. Kama standadi haikupitia kitendanishi cha kugandisha na karatasi ya maelezo ya kipimo haijaingiza kizidisho chake, kuna 3.5 ya kuzidisha pia (700 kwa 200).

Pipeti_Njombe
Naongezea. Usiamini mizunguko 4,000 kwa dakika ya sentrifuji bila kupima rota (sehemu inayozunguka). Nguvu ni 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa kipeo cha pili: rota ya sm 10 inatoa karibu 1,790 g, ya sm 6 inatoa 1,070 tu. Pia Juni na Julai huku kwetu kitendanishi cha kolestro kikitoka friji na kuwekwa kwenye chumba chenye baridi, rangi haimaliziki kwa dakika 10. Tumia 37°C.

Seramu_Mafinga
Shukrani sana. Baada ya kupunguza, maji yametakata kabisa, HDL 0.9.

Maabara_Uyole
Safi. Sasa LDL ya fomula ya Friedewald (jumla − HDL − trigliseridi/2.2) bado usiiandike, kwa sababu inakoma trigliseridi zikipita 4.5. Fomula ya Sampson ya 2020 inafika 9.0, lakini uihakiki kwanza kabla ya kuiweka kwenye mfumo. Ripoti kolestro isiyo HDL: 6.2 − 0.9 = 5.3, haihitaji trigliseridi kabisa. Mwulize daktari kama mgonjwa alifunga kula. Kama kuna mashine ya kemia inayopima apoB mnakoweza kupeleka, peleka: kila chembe ya LDL na VLDL ina apoB moja tu, kwa hiyo unahesabu chembe zenyewe.

Ukitoa damu tena, tumia chupa ya aina ileile ya seramu. Plazma ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) husoma kolestro chini kwa takriban 3%.