Mitandao mipya ya afilieti na ile ya zamani: ipi inamlipa mtu aliyeko Dodoma?

Linki_za_Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Nina ukurasa wa kuchambua taa na pampu za sola. Wasomaji wengi ni wa huku kwetu, Dodoma, Singida mpaka Manyoni, na wachache ni ndugu walioko Marekani. Niko Amazon Associates na Awin, mitandao ya afilieti: unaweka linki ya bidhaa, mtu akinunua kupitia hiyo linki unapata kamisheni. Wiki hii nimefuatwa na mtandao mpya wa hapahapa nchini, jina nalihifadhi nisije nikaonekana nawapigia debe. Wanatoa kamisheni ya 12% na wanalipa kila Ijumaa kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas. Amazon kwa vifaa vya nyumbani ni 3%, na hela inaingia kama siku 60 baada ya mwezi kuisha.

Ukipiga hesabu ya haraka, wapya wanashinda kwa mbali. Je, wana ubavu kweli wa kupambana na waliotangulia, au ni nguvu ya soda? Naombeni maoni ya waliopita huko.

Kijana_Ngongona:
Asilimia isikuchanganye mkuu. Aprili 2020 Amazon walishusha fanicha na vifaa vya nyumbani kutoka 8% hadi 3%, vyakula kutoka 5% hadi 1%. Watu walilalamika wee, wengi wakabaki. Mtu akibonyeza linki yako ya taa, akaishia kununua viatu na sufuria ndani ya saa 24, wewe unalipwa kwa hivyo viatu na sufuria. Mteja ana kadi yake humo tayari, anwani ipo, na duka analiamini. 12% ya duka lisilo na wateja ni sifuri.

Mama_Alizeti:
Niongee upande wa muuzaji, maana mnazungumza kama vile kamisheni inashuka kutoka mbinguni.

Nauza mafuta ya alizeti na asali, niko Majengo. Mteja wangu anaona bidhaa kwenye status ya kijana fulani, ananipigia, tunapatana bei, analipa kwa lipa namba, mzigo unapanda basi la alfajiri kwenda Arusha, namtumia picha ya risiti ya basi. Hakuna mahali alipobonyeza "nunua". Sasa hizo kuki zenu, zile alama za kumtambua aliyebonyeza linki, zitamwona wapi? Hiyo mitandao mikubwa imejengwa kwa ajili ya duka la kwenye tovuti, lenye malipo yake humohumo. Mimi sina.

Mtandao mpya niliojiunga nao unampa kila wakala, yaani kijana anayenitangazia, msimbo wake. Mteja akinitajia msimbo naingiza kwenye programu yao pamoja na namba yake ya simu na kiasi alicholipa, na kijana anaona palepale kwenye simu yake. Kwa biashara kama yangu, wapya hawashindani na mtu. Wako peke yao uwanjani.

Linki_za_Nkuhungu:
Shikamoo mama. Na ukisahau kuingiza?

Mama_Alizeti:
Marahaba mwanangu. Mimi huwa naingiza, ila jirani yangu siwezi kumsemea. Mteja akishasema "nipunguzie, nimeelekezwa na fulani", wapo wanaompunguzia bei na msimbo hauandikwi. Wakala hajui kama kulikuwa na mauzo.

Fundi_wa_Mtumba:
Mama kagusa penyewe. Mnalinganisha asilimia na siku ya malipo, wakati cha kuuliza ni kimoja: kabla sijauza chochote, hela ya kamisheni yangu iko kwa nani?

Chukua ShareASale, mtandao wa afilieti, enzi zake. Muuzaji alikuwa anaweka amana kwanza. Kila mauzo yakitokea, kamisheni inakatwa humo pamoja na ada ya mtandao, ambayo ilikuwa 20% ya kamisheni. Amana ikipungua mno, programu yake ya afilieti inazimwa mpaka aongeze. Wakala hakuhitaji kujua kama muuzaji ni muungwana au tapeli. Sasa huo mtandao wako wa Ijumaa: kama wanasubiri muuzaji awatumie hela baada ya mauzo, basi Ijumaa hiyo ni ahadi tu. Na kama wanalipa kwanza wenyewe ili kuvuta watu, wanatumia mtaji, na mtaji huisha.

Hata huko kuchelewesha kwa wakubwa siyo roho mbaya peke yake. Bidhaa inaweza kurudishwa, kwa hiyo wanasubiri muda wa kurudisha upite. Anayekulipa Ijumaa kwa pampu iliyouzwa Jumatano, pampu ikirudi Jumatatu atakukata wapi? Soma masharti yao, hasa kile kipengele cha salio hasi, yaani unapodaiwa kurudisha kamisheni ya bidhaa iliyorudi.

Ila sikubaliani na anayesema wapya hawawezi. Amazon Associates ni ya 1996, mitandao ya CJ na ClickBank ni ya 1998. Impact imekuja 2008, baadhi ya walioianzisha walitokea hukohuko CJ, na leo ni miongoni mwa majina makubwa. PartnerStack nao walikwenda kwa kampuni zinazouza programu za kulipia kila mwezi, wakaachana na sufuria na viatu. Hakuna aliyemshinda mkubwa kwa kuongeza asilimia mbili tatu juu. Kila mmoja alitafuta pale ambapo mkubwa alikuwa hafiki vizuri, na kwetu hapa ni hapo alipopataja mama: msimbo badala ya kuki, malipo ya simu badala ya benki.

Hasara nyingine ya wadogo ni kununuliwa. ShareASale ilianza 2000, Awin wakainunua 2017, na 2025 wakaifunga na kuhamishia watu kwao. Mwenye makala mia tano zenye linki za zamani anajua alivyokesha.

Chai_Maharage:
Wakikuomba hela ya kujiunga, kimbia. Mtandao wa kweli unachuma kwa muuzaji, hauchumi kwa wakala.

Kijana_Ngongona:
@Chai_Maharage hapo punguza kidogo. Awin wenyewe wamekuwa wakiomba amana ndogo ya kuhakiki akaunti, na wanakurudishia kwenye malipo ya kwanza. Cha kukimbia ni wale wa "lipia ufungue levo ya pili, lete watu watano". Hapo hakuna bidhaa, bidhaa ni wewe na hao watano.

Chai_Maharage:
Sawa mkuu. Wa levo ndio nilikuwa nawasema, wamejaa kwenye magrupu.

Kibaigwa_Mtandaoni:
Mnawaogopa wapya kana kwamba wakubwa hawaondoki. Jumia walifunga duka lao la mtandaoni hapa Tanzania Novemba 2019. Aliyekuwa ameweka mayai yote humo aliamka na linki zisizofika popote.

Na msipite haraka kwenye suala la malipo. PayPal ya hapa inakuruhusu kulipa, kupokea ni shida, wakati jirani zetu Kenya wanapokea na kuhamishia M-Pesa. Tunabaki na Payoneer, huduma ya kupokelea hela za nje, na makato yake ya kuhamisha na kubadilisha fedha. Kwa anayeanza, anayepata elfu thelathini au arobaini kwa mwezi, makato na kiwango cha chini cha kutoa vinamfanya aone hela kwenye skrini asiishike. Mtandao unaokutumia elfu nane yako kwenye simu una silaha ambayo Amazon hana mpango wa kuileta Kibaigwa.

Linki_za_Nkuhungu:
Asanteni. Mchana nimewapigia, nikawauliza swali la Fundi kama lilivyo. Wauzaji wa vifaa vya sola wanaweka amana. Wa nguo na vipodozi "bado tunalifanyia kazi". Kwa hiyo nawapa pampu tu, kwa wasomaji wa huku, tena kwa msimbo. Za Amazon na Awin zinabaki kwa wale wa nje wanaowanunulia wazazi wao vitu. Kipengele cha salio hasi nimekikuta: wanakata kwenye malipo yanayofuata, kwa siku 14 tangu mauzo. Naona ni haki.

Fundi_wa_Mtumba:
Siku 14 siyo mbaya. Piga picha ya huo ukurasa wa masharti leo, wapya huyabadilisha bila kusema.

Mama_Alizeti:
Hiyo pampu inavuta kisima cha kina gani? Nina shamba la zabibu Mpunguzi, jenereta linanimaliza kwa mafuta.

Linki_za_Nkuhungu:
Nitumie kina cha maji na ukubwa wa shamba PM, mama. Msimbo nao nitakupa, uhakikishe huyo muuzaji anauandika.