Tupeane uzoefu: nani hapa amewahi kutibiwa kwa hipnosisi?

MwalimuLangoni
Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Juzi barazani mtu kataja hipnosisi, yaani ile tiba ya kumtuliza mtu kwa maneno hadi azame kwenye jambo moja, ukazuka ubishi hadi kahawa ikapoa. Mmoja asema ni uchawi wa kizungu, mwengine asema ni usingizi wa kulazimishwa, wa tatu aapa kwamba ukishafanyiwa utataja hata namba ya siri ya M-Pesa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukikalia kiti cha tiba hiyo. Basi tuzungumze hapa. Nataka yaliyokupata wewe mwenyewe, si ya jirani wa shangazi yako. Ilikufaa au haikukufaa, sema.

Naanza mimi. Ni mzaliwa wa Amu na bahari naiogopa. Haya, chekeni kwanza. Nilikuwa nikifundisha Pate, na usiku mmoja boti ilizima mashine mlango wa Mkanda huku maji yakiingia. Tulitoka salama, lakini tangu hapo nikifika gatini miguu yafa ganzi. Nikawa namwambia nahodha naenda kununua maji ya kunywa, kisha naingia vichochoroni hadi nyumbani. Mwalimu mkuu alikwisha kuchoka na homa zangu za Jumatatu.

Niliyemwendea ni mwanasaikolojia Mombasa, mama wa makamo. Kwanza aliniuliza maswali mpaka nikachoka: nalala vipi, natumia dawa gani, nimewahi kusikia sauti zisizokuwa na mtu. Kisha akaniambia nitazame ukucha wa kidole gumba changu. Macho yakalemea, nikayafumba. Yeye akawa akizungumza polepole tu: pumzi, mabega, taya. Kufika kwenye mkono wa kulia, akaniambia mkono huu ni mwepesi na wapanda. Ukapanda wallahi, kutoka pajani hadi kifuani, na mimi sikuupandisha. Nje matatu zinapiga honi na muuza madafu agonga panga lake. Nayasikia yote, ila hayanihusu.

Hapo ndipo aliponipandisha botini kwa maneno. Harufu ya petroli, mbao zilizopakwa sifa (mafuta ya papa), wimbi la kwanza kupiga ubavuni. Moyo ukianza mbio hunirudisha ufukweni, nikitulia hunipandisha tena. Mwisho akanifundisha kujifanyia mwenyewe nyumbani.

Sasa navuka. Kusi ikichafuka mwezi wa sita hushika ukingo wa boti kwa mikono miwili na sizungumzi na mtu, lakini navuka. Wengine?

BwanaNgalawa
Maalim, tofauti ya huyo mama na wale wa stendi ni ipi? Mamangu mdogo alisimamishwa Malindi na watu wawili waliovaa vizuri, wakamzungumzisha, akaenda kwake kwa miguu yake akaleta dhahabu zote akawapa. Asema alikuwa kama hayupo.

Muuguzi_Pwani
Mpe pole mama. Wale ni matapeli, na kazi yao haihitaji hipnosisi. Huja wawili watatu, mmoja ajifanya hamjui mwenziwe, wakakuharakisha na kukutia tamaa au hofu. Na ukikubali soda yao, huenda ikawa na dawa.

Katika tiba mambo ni kinyume chake. Hulali. Unaingia katika hali ya kuzama kwenye jambo moja hadi mengine yarudi nyuma, kama mtu anayesuka ukili na kuitwa mara tatu ndipo aitike. Mtaalamu akikwambia jambo usilolitaka, unafumbua macho na kuondoka. Wala haimshiki kila mtu sawa: kuna wachache wanaozama sana, wachache wasiozama kabisa, na wengi walio katikati.

BwanaNgalawa
Mimi basi ni wa kutozama kabisa.

BintiSabaki
Wengi wanaosema hivyo ndio wa mwanzo kufumba macho 😂

Yangu ni tumbo. Miaka mingi. Kujaa gesi, kukatika, leo kufunga choo, kesho kukimbilia choo. Nimepimwa amiba, taifodi, vidonda, nimewekewa mpira wenye kamera, kila mmoja asema hakuna kitu. Hospitali ya mwisho ndiyo iliyoniambia ni IBS, yaani utumbo wenyewe mzima ila mawasiliano yake na ubongo yamevurugika. Harusini nilikuwa sili. Biriani yapita mbele yangu nami naulizia choo kiko wapi kabla sijaulizia bibi harusi yuko wapi.

Daktari alinieleza kwamba tiba hii kwa ugonjwa huu si ya kubahatisha. Manchester, Uingereza, daktari Peter Whorwell na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 1984 kwa wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimewashinda, na hadi leo mwongozo wa afya wa Uingereza unaitaja kwa mtu ambaye dawa hazikumsaidia kwa miezi 12. Nikaunganishwa na mtaalamu wa Nairobi, tukaonana kwa video.

Ananiambia weka kiganja tumboni, sikia joto likiingia ndani. Kisha fikiria mto unaokwenda kwa utulivu. Mto! Mimi mtoto wa Malindi, mto ninaoujua ni Sabaki, na ulikuwa msimu wa mvua, bahari yote hadi gatini imekuwa rangi ya chai kwa tope lake. Nikamwambia, mama, mto wangu umefurika na umebeba miti. Akacheka, akasema vizuri, tuanze na huo huo, tuutulize kidogo kidogo. Ndivyo tulivyofanya wiki kwa wiki, nami nasikiliza sauti yake kwenye simu kila usiku.

Haikuondoka yote. Maharagwe bado ni adui. Lakini harusi ya binamu yangu nilikula na nikacheza.

KijanaMaweni
Mimi nilitaka kuacha sigara. Mgeni mmoja hotelini tunapofanya kazi alikuwa na cheti chake akajitolea kunisaidia bila malipo. Nilitoka hapo nikiona sigara ina harufu ya mpira unaoungua. Raha kweli. Ikaja Krismasi, hoteli imejaa, zamu za usiku, na vijana wa jikoni wote wavuta. Nikarudi. Sisemi ni uongo, nasema mimi haikunikaa.

Muuguzi_Pwani
Hata kwa sigara kwa jumla, utafiti haujaonyesha wazi kwamba inashinda njia nyingine. Kwa maumivu, hofu ya matibabu na tumbo la BintiSabaki, hapo ina nguvu zaidi. Na kwa unga wa kulevya au pombe usitegemee hii peke yake, nenda kliniki.

BiMkuuShela
Wanangu, mimi sina elimu hiyo. Nimekuwa nikisoma tu. Bibi yangu alipandwa na pepo, akachezewa ngoma siku saba, na akipandwa macho yake ni hayo hayo anayoyasema maalim, yuwasikia na hasikii. Hamwoni kuwa ni jambo moja?

MwalimuLangoni
Shikamoo Bi Mkuu. Kufanana kwa macho siwezi kukataa. Ila mimi pale kitini hapakuwa na pepo wa kuulizwa anataka nini, wala ubani, wala deni la mbuzi. Upande wa dini nilimuuliza shekhe wangu kabla ya kwenda, naye alitaka kujua yanasemwa maneno gani. Nilipomweleza alisema nenda. Mwengine na amuulize wake.

Muuguzi_Pwani
Bi Mkuu, kuna kisa utakipenda. Mnajua mabusha na matende yalivyotutesa huku Pwani, mpaka tukawa twagawiwa vidonge nyumba kwa nyumba. Bengali, India, kulikuwa na shida hiyo hiyo, na daktari mpasuaji kutoka Uskoti, James Esdaile, alikuwa huko Hooghly. Mwezi Aprili 1845 alipata mfungwa mwenye busha pande mbili. Dawa ya usingizi ya etha haijaanza kutumika hospitalini, ilikuja mwaka uliofuata. Akamtuliza kwa njia waliyoita ya Mesmer, daktari wa zamani wa Ulaya ambaye njia yake ndiyo iliyoitangulia hipnosisi: kupitisha mikono juu ya mwili kwa muda mrefu sana. Akaendelea hivyo kwa wagonjwa wengi, akiwakata mabusha na matende makubwa, naye akaandika kwamba hawakuhisi. Etha ilipoenea, njia yake ikasahaulika, maana chupa haina haja ya kubembeleza mtu saa nzima.

BwanaNgalawa
Busha bila dawa? Mimi nimeondoka.

Muuguzi_Pwani
Rudi 😂 Siku hizi hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Huko Liège, Ubelgiji, tangu 1992 hospitali hutumia hipnosisi pamoja na ganzi ya mahali na dawa kidogo ya kutuliza, hata kwa upasuaji wa tezi ya shingoni. Dawa haijaachwa.

Na jambo moja nisisitize kwa sababu naliona wodini. Mtu anayesikia sauti au anayeona anafuatwa, asipelekwe kwenye hipnosisi. Apelekwe hospitali. Na kabla ya kulipa, muulize mtaalamu kama amesajiliwa. Tangu 2014 tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia. Akisema anatibu sukari, saratani na kurudisha mume, funga mlango.

MtotoWaGanda
Swali la pembeni. Marehemu baba alificha hati ya shamba. Nilikuwa mdogo, naamini nilimwona akiificha ila sikumbuki wapi. Nikilazwa hivyo nitakumbuka?

Muuguzi_Pwani
Usijaribu. Kumbukumbu zinazotoka hapo mara nyingi ni mchanganyiko wa kweli na ya kubuni, na ubaya ni kwamba utaziamini zote. Utabomoa ukuta wa mamako bure. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa shamba, hati ikiwa imepotea kuna utaratibu wa kupewa nyingine.

MtotoWaGanda
Ofisi ya ardhi ndiyo niiogopayo. Maalim, yule mama wa Mombasa hutibu na hiyo?