Kundi la ukoo: simu ya Jumamosi, uchumi ukianguka mbona haunyanyuki

07:12 Shangazi Rehema: Habari za asubuhi wote. Jumamosi saa mbili usiku tuna simu ya kundi, mada ni ileile tuliyokubaliana, kwa nini uchumi ukishaanguka unachukua miaka kunyanyuka. Nataka waongeaji wanne na sitaki udhuru wa dakika ya mwisho kama mwaka juzi, mwenyewe anajijua

07:55 Shangazi Rehema: Naona mmeshasoma. Mbona kimya

08:20 Shangazi Rehema: Haya naanza mimi. Mimi nasema ni madeni. Marekani mdororo wao ulianza Desemba 2007, wachumi wanahesabu uliisha Juni 2009, lakini ukosefu wa ajira umekuja kufika asilimia 10 Oktoba 2009, yaani mdororo umeisha kwenye makaratasi na watu ndo wanazidi kupoteza kazi! Idadi ya ajira haikurudi ilipokuwa mpaka 2014. Watu walikopa kununua nyumba, bei za nyumba zikaporomoka, deni likabaki palepale. Mtu wa hivyo hata akipata mshahara hanunui kitu, analipa deni kwanza, sasa asiponunua yeye na jirani yake na jirani wa jirani, mwenye biashara anaajiri ili amuuzie nani?

08:41 Tunu: Shikamoo shangazi. Mimi Jumamosi sitokuwepo

08:42 Shangazi Rehema: Marahaba. Utakuwepo Tunu, ni simu, hakuna aliyekwambia utoke

08:43 Juma: 😂😂

09:30 Salma: Shikamooni. Shangazi kwa madeni uko sawa lkn umeishia njiani. Watu wote wakibana matumizi kwa mpigo lazima awepo mmoja wa kutumia, na mwenye uwezo huo ni serikali. Marekani bunge lilipitisha kama dola bilioni 787 Februari 2009, angalau zikashikilia. Uingereza 2010 wakaanza kukata matumizi wakati mgonjwa bado kitandani, na Benki Kuu ya Ulaya 2011 ikapandisha riba mara mbili, Aprili na Julai, halafu kabla mwaka haujaisha ikaanza kuishusha tena. Hata Roosevelt, rais wa Marekani, 1937 alidhani mambo yameshakaa sawa, akakata matumizi, uchumi ukaanguka upya. Mimi hili linaniuma kwa sababu lilikuwa linajulikana

10:02 Baba Mkubwa Hamisi: Serikali inatoa wapi hela kama si kukopa? Deni juu ya deni

10:09 Salma: Inakopa ndiyo baba mkubwa, ila riba ilikuwa chini mno. Benki kuu ya Marekani iliweka riba yake karibu na sifuri kuanzia Desemba 2008 mpaka Desemba 2015

10:15 Baba Mkubwa Hamisi: Miaka saba riba sifuri na bado wanajikokota. Basi dawa yenyewe haifai

10:21 Salma: Haitoshi peke yake. Benki kuu inaweza kurahisisha mkopo lkn haiwezi kumlazimisha mtu aliyelemewa akope tena, na mabenki yenyewe yalishaogopa, yanataka dhamana ambayo mtu hana

10:22 Juma: Riba sifuri baba mkubwa angechukua majenereta mawili

10:22 Tunu: 😂😂😂😂 jenereta jmn

10:24 Juma: Bado lipo lile?

10:25 Shangazi Rehema: JENERETA HALIHUSIANI NA MADA. Juma kwa sababu una nafasi ya kucheka wewe utaongelea Ugiriki na Iceland

10:26 Juma: Kuna nini Ugiriki

10:33 Shangazi Rehema: Soma. Iceland mabenki yake makubwa matatu yalianguka Oktoba 2008, lakini ana sarafu yake mwenyewe, sarafu ikashuka thamani, bidhaa zake na utalii vikawa nafuu kwa wageni, akapata pa kushika. Ugiriki yuko ndani ya yuro, sarafu ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hawezi kushusha sarafu asiyoimiliki, ikabidi washushe mishahara na pensheni za watu. Uchumi wao ulipungua kama robo, na 2013 katika kila wanne wanaotaka kazi zaidi ya mmoja hana. Walipunguza matumizi ili deni lipungue, ila mapato yakaporomoka na deni likazidi kuwa zito kulinganisha na uchumi wenyewe. Hapo ndo utapazungumzia

13:47 Ba Mdogo Idi: Ndo napata nafasi. Mnawasahau mabenki. Japani bei za hisa zilifika kileleni mwisho wa Desemba 1989, hazikupita pale tena mpaka Februari 2024, fikirieni. Kwa nini? Benki inajua kabisa kampuni fulani hailipi, lakini ikikiri hasara na yenyewe inaumbuka, kwa hiyo inaipa mkopo mwingine ilipie riba ya mkopo wa kwanza, mwakani tena hivyohivyo. Hela inafia kwenye kampuni iliyokwisha na kijana mwenye biashara inayokua anaambiwa asubiri. Deni lisilolipika lifutwe mapema, hasara igawanywe, watu waanze upya. Kadiri unavyojifanya hulioni ndivyo unavyochelewa

13:58 Baba Mkubwa Hamisi: Wewe Idi ndo wa kutuambia madeni yafutwe?

13:59 Baba Mkubwa Hamisi: Ule mkopo wa mfuko wa ukoo uliumaliza lini

14:03 Tunu: Baba mkubwa jamani

14:10 Shangazi Rehema: Hamisi tusiende huko. Nani anachukua upande wa serikali, Salma?

14:26 Ba Mdogo Idi: Kaka nililipa mpaka nilipoishiwa. Unajua mwaka ule ulikuwaje

14:29 Baba Mkubwa Hamisi: Kila mtu alikuwa na mwaka wake. Zamu yangu ilipofika mfuko ulikuwa mtupu, na sikumwambia mtu

16:05 Babu: Hamisi. Deni lile nililifunga mimi mbele ya mama yenu. Lisitajwe tena humu. Idi alipunguzwa kazini siku moja na wenzake wote, hakuiba hakuchelewa. Na kazi ziliporudi hakuitwa, walichukua waliotoka chuoni juzi. Mtu akikaa nje muda mrefu wanaotafuta wafanyakazi wanamwona ana kasoro, mkono nao unasahau kazi, mwisho anaacha kuomba, na akiacha kuomba hahesabiwi tena katika wasio na kazi. Mnasema asilimia imeshuka mnafurahi. Kwenye hiyo Jumamosi yenu mkiongea riba na bajeti muwaongelee na hao.

19:38 Baba Mkubwa Hamisi: Nimesikia baba.

21:14 Tunu: Naomba kuuliza. Mbona wakati wa Korona Marekani walirudi haraka? Ukosefu wa ajira ulifika karibu asilimia 15 Aprili 2020 na katikati ya 2022 ajira zimesharudi zote

21:29 Salma: Swali zuri Tunu. Safari hiyo watu walitumiwa hela moja kwa moja, wengi wakapunguza madeni yao badala ya kuzama. Halafu kuna waliosimamishwa tu wakaitwa kazini kwao walewale, hawakukaa nje mpaka wakasahaulika kama anavyosema babu. Kwangu mimi hiyo inaonyesha uzito wa 2009 haukuwa lazima

21:44 Baba Mkubwa Hamisi: Na bei zikapanda mpaka mfumuko ukapita asilimia 9 Juni 2022, hilo nalo ulitaje. Sio zote ni hizo hela, kuna vita na bidhaa zilikwama njiani, lakini na hela zimo

21:46 Salma: Nitalitaja

21:50 Shangazi Rehema: Sawa. Salma serikali, Idi mabenki, mimi madeni, Juma Ugiriki na Iceland. Hamisi nataka uwe wa kupinga, unaweza

21:52 Baba Mkubwa Hamisi: Saa mbili sitoweza. Jumapili afadhali

21:53 Tunu: Jumapili mimi nipo

21:55 Shangazi Rehema: Jumapili Salma ana mtihani kesho yake. Saa tatu Jumamosi je?

22:31 Ba Mdogo Idi: Mimi yoyote. Ila hayo ya baba naomba niyaongelee mimi, mabenki apewe mwingine

22:33 Shangazi Rehema: Sawa Idi. Mabenki nani? Juma?

22:34 Shangazi Rehema: Juma naona uko hewani