Pikapu: upepo kiasi gani ikiwa tupu, na kiasi gani ikiwa na mzigo?

Namba_ya_Kibandiko:
Wakuu, naomba msaada. Kibandiko cha upepo cha pikapu kinasema 35 psi (kipimo cha upepo wa tairi) mbele na nyuma. Tairi zilizokuwepo zilikuwa za aina ya gari dogo, sasa nimefunga zenye herufi LT (za magari mepesi ya mizigo), daraja la mzigo E (herufi ya uwezo wa kubeba), na ubavuni zimeandikwa 80 psi. Aliyezifunga amejaza 60 zote nne. Gari likiwa tupu nyuma linarukaruka, na kwenye kokoto nikikanyaga breki linateleza. Nikishusha hadi 35, tairi za nyuma zinaonekana zimelala hata kwa mzigo mdogo. Namba sahihi ni ipi, na mzigo ukiongezeka nipandishe kiasi gani?

Ekseli_ya_Nyuma:
Mkuu, anza kwa kuiacha ile 80. Namba ya ubavuni inakuambia upepo ambao tairi hiyo inabebea uzito wake wa juu kabisa. Namba hiyo hailijui gari lako. Kibandiko ndicho kinachojua gari, ila kiliandikwa kwa tairi zilizotoka nalo kiwandani.

Ugumu uko hapo. Tairi ya LT ikijazwa 35 inabeba uzito mdogo kuliko ile ya gari dogo ya saizi hiyohiyo yenye upepo huohuo. Kwa hiyo 35 kwako ni pungufu hata kama kibandiko kinasema hivyo. Tafuta jedwali la mzigo la mtengenezaji wa tairi, kwa saizi yako kamili. Pitisha gari kwenye mizani, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kwanza tupu kisha likiwa na mzigo wako wa kawaida. Gawa kila ekseli kwa mbili. Nyuma ikisoma kilo 1,400, kila tairi inabeba 700. Jedwali litakuonyesha upepo wa kilo hizo, kisha ongeza psi chache kwa sababu mzigo haukai sawasawa pande zote mbili.

Utakuta gari tupu halihitaji 60 nyuma. Ukishapakia, nyuma ndiko kunakopanda sana. Mbele hubadilika kidogo tu, maana mzigo wa kwenye bodi unaegemea ekseli ya nyuma.

Kumbuka pia upepo hauongezi uwezo wa gari. Namba kama 121/118 ubavuni ina maana kilo 1,450 kwa tairi ikiwa moja na 1,320 kwa kila tairi zikiwa pacha (mbili mbili kila upande), lakini springi, ekseli na rimu zina kikomo chao, na mara nyingi ndicho kinachofikiwa kwanza.

Chaki_na_Geji:
Kama mizani iko mbali, chaki itakupa mwanga. Chora mstari mnene kukatiza meno ya tairi, bega hadi bega. Endesha polepole mita mia hivi, moja kwa moja, kwenye lami tambarare, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi, na huko ndiko kurukaruka na kuteleza unakokusema: tairi inagusa barabara kwa kipande chembamba. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Fanya hivyo tupu, rudia na mzigo. Hata hivyo usitumie chaki kushuka chini ya namba ya kibandiko wala ya jedwali.

Na tafadhali pima tairi zikiwa baridi: gari limekaa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Tairi iliyotembea hupanda psi 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuipunguza ikiwa ya moto kwa kudhani imejaa mno. Asubuhi inaamka ina upungufu. Kinyume chake, tairi ya moto ikisoma 33 wakati unataka 40, jua ikipoa itakuwa chini zaidi. Ongeza hapo hapo, upime upya kesho yake.

Hali ya hewa nayo ina lake: joto likishuka upepo hupungua, likipanda huongezeka, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi kwenye tairi ya 35, na zaidi ya hapo kwenye tairi ya 60. Nunua geji yako mwenyewe, za kwenye kompresa za umma huanguka sakafuni kila siku.

Ekseli_ya_Nyuma:
Nakubaliana kuhusu chaki. Niongeze kwa nini upungufu ndio hatari zaidi ukiwa umepakia. Ubavu unakunjika na kunyooka kila mzunguko, nyuzi za ndani zinapata joto, mpira unaachana na nyuzi, na tairi inapasuka ukiwa kwenye mwendo. Taa ya dashibodi ya kuonya upepo mdogo usiitegemee. Mifumo mingi huwaka upepo ukishapungua karibu robo ya namba ya kibandiko, na wewe namba yako imeshabadilika.

Valvu:
Kuna jambo limesahauliwa. Valvu za kawaida za mpira zinahimili hadi 65 psi. Kama mzigo wako utataka zaidi ya hapo, funga za chuma au za mpira za upepo mkubwa, na hakikisha rimu nazo zinaruhusu.

Tairi nzima hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi. Moja ikishuka kuliko wenzake, paka maji ya sabuni kwenye valvu, kwenye ukingo wa rimu na kwenye meno. Povu likitoka katikati ya valvu, kaza au badilisha sindano yake. Vifuniko virudishe, huzuia vumbi kukaa kwenye sindano.

Spea iliyoning'inia chini ya bodi ijazwe kwa kiwango cha tairi ya nyuma yenye mzigo. Kupunguza upepo kandokando ya barabara ni rahisi, kuuongeza bila kompresa ni kazi ngumu.

Namba_ya_Kibandiko:
Asanteni wakuu. Nitapima ekseli zote mbili, tupu na na mzigo, kisha niweke namba zote hapa. Valvu nimeziangalia sasa hivi, ni za mpira za kawaida.